Saa za Karani



Wafanya kazi wa viwandani waliwekewa mpaka wa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma katika Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919. Makarani walingojea hadi Mkataba wa 30, mwaka 1930. Labda yalidhaniwa kalamu haichoshi. Mkataba huo wasema saa ya kazi ni ile ambayo mtu yu chini ya amri ya mwajiri. Basi twauliza: karani alaye muhogo wake mezani, sikio kwenye simu, akimjibu kila aingiaye, amepumzika? Hakupumzika. Saa hiyo ni ya kazi, nasi twadai ihesabiwe.