Wimbo wa Jembe na Shamba la Mjane



Ndugu wasikilizaji wapendwa, huku Ushetu mahindi yamekwisha kuingia ghalani na vumbi la kiangazi limeanza kupanda barabarani. Dominika hii ningependa tutafakari pamoja jambo lililonipata baada ya Misa ya shukrani ya mavuno katika kigango kimojawapo cha parokia yetu.

Misa ilipokwisha, vijana walitoka na ngoma zao wakacheza bugobogobo mbele ya kanisa. Wengi wenu mnaifahamu ngoma hiyo ya Wasukuma: wachezaji hupanga mstari, hurusha majembe juu na kuyadaka, huinama na kuinuka pamoja kama watu walio shambani. Watoto walipiga vigelegele, nasi wazee tulisahau magoti yetu yanayouma. Ndipo kijana mmoja, aliyerudi siku chache kabla kutoka machimbo ya dhahabu, akaniuliza: "Padre, wimbo huu unasema kijiji ni mkono mmoja. Je, ni kweli hata leo, au tunajifurahisha tu?"

Kabla sijapata la kujibu, bibi mmoja aliyekuwa ameketi kivulini karibu na mlango wa kanisa akasema kwa sauti ya chini: "Waulize ni nani aliyelima shamba langu mwaka huu."

Hakuna aliyemjibu. Ngoma ikaendelea.

Ndugu zangu, swali la yule kijana ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa uangalifu. Kwanza tukiri kwamba wimbo wa jembe haukuzaliwa jukwaani. Ulizaliwa shambani. Katika nchi yetu mvua huanza mwezi wa Novemba, na mkulima aliyechelewa kupanda hujua mapema kwamba atalala njaa. Zamani, watu walipokuwa na jembe la mkono peke yake, mtu mmoja hakuweza kumaliza shamba lake kwa wakati. Kwa hiyo vijana walijiunga katika vikundi, wakaenda shamba hata shamba, ngoma ikiwaongoza ili majembe yashuke pamoja na uchovu usahaulike. Mwenye shamba aliwaandalia chakula. Mavuno yakiisha, vyama vya ngoma vilishindana, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na ushindani huo uliwachangamsha watu wa vijiji vingi.

Kanisa nalo halikuidharau furaha hiyo. Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliyetoka Kanada, alikusanya huko Bujora, karibu na Mwanza, urithi wa Wasukuma, ngoma zao na vyombo vyao. Hata leo sikukuu ya ngoma iitwayo Bulabo huenda pamoja na Sherehe ya Ekaristi Takatifu, Mwili na Damu ya Kristo. Wazee wetu waliona kwamba watu wanaolima pamoja na kula pamoja hawako mbali na meza ya Bwana.

Basi, wimbo ulikuwa wa kweli. Lakini je, ungali wa kweli?

Tutazame kwa macho yaliyo wazi. Plau ya ng'ombe imechukua nafasi ya jembe katika mashamba mengi, na mahali pengine trekta limechukua nafasi ya plau. Hilo si dhambi, ni nafuu. Lakini nafuu hiyo hupimwa kwa fedha: aliye na ng'ombe hulima, asiye nao hukodi, na asiye na fedha hungoja mpaka wengine wamalize, mvua nayo haimngoji. Tumbaku imetuletea fedha, nayo imekula misitu yetu kwa kuni za mabani. Dhahabu nayo imewaita vijana. Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009, njia za kutoka vijijini zilijaa. Buzwagi imekwisha kufungwa, lakini mashimo ya wachimbaji wadogo yangali yakiwaita watoto wetu usiku na mchana. Wapo waliojenga nyumba za bati kwa jasho hilo, nasi twamshukuru Mungu. Wapo pia waliorudi na kifua kibovu, na wapo ambao hawakurudi.

Hata hivyo, sitaki kusema kwamba kijiji kimekufa. Akifariki mtu usiku huu, alfajiri utawaona akina mama wakija na unga na kuni vichwani, na wanaume wakichimba kaburi bila kuulizwa ujira. Ikipigwa yowe kwamba ng'ombe wameibwa, watu hutoka. Sungusungu waliozaliwa katika sehemu zetu hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitokana na moyo huo huo wa kulindana. Kwa hiyo yule kijana akisikia ngoma na moyo wake ukaruka, hadanganyiki. Kuna kitu cha kweli kinachomwita.

Sasa turudi kwa yule bibi. Jioni ile nilimwuliza katekista habari zake. Akainamisha uso. Akanieleza kwamba mwaka jana mtoto wa jirani aliugua homa akafariki. Wazazi wakaenda kwa mpiga ramli, na baada ya hapo likaanza neno la kunong'onezana. Yule bibi ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Basi kikundi cha kulima kilipofika kwenye mpaka wa shamba lake, kilipita. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga. Walipita tu, wakiimba.

Ndugu wasikilizaji, ninyi mnaoishi katika mikoa yetu hii ya Shinyanga na Geita mnajua neno la kunong'onezana linaweza kuishia wapi. Tumewazika bibi zetu waliouawa kwa mapanga usiku, wengine kwa sababu ya macho mekundu. Na macho hayo mekundu yametoka wapi? Yametoka jikoni! Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa mabua na wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwa kuwa kuni hakuna, atakuwa na macho ya namna gani? Macho yale yameharibika kwa kutulisha sisi. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa. Lakini marufuku ya Serikali haiingii moyoni mwa mtu asipoifungulia mlango mwenyewe.

Hapa ndipo wimbo wa jembe unapokuwa na upungufu. Hausemi uongo, bali unanyamaza. Unawaimba walio ndani ya mstari, haumwimbi aliyeachwa nje. Na ukimya huo haukuanza na dhahabu wala na tumbaku; ulikuwapo hata zamani tunazozisifu.

Katika Maandiko Matakatifu tunayo picha nyingine ya kijiji wakati wa mavuno, nayo imo katika kitabu cha Ruthu. Naomi, mjane mzee, anarudi Bethlehemu mikono mitupu, na mji mzima unashtuka kumwona. Mkwewe Ruthu, mgeni kutoka Moabu, anaingia shambani kuokota masazo, kama Sheria ilivyowaruhusu maskini na wageni. Boazi mwenye shamba anafika, anawasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamjibu kwa baraka. Picha nzuri iliyoje! Lakini Neno la Mungu haliishii kwenye salamu nzuri. Linatueleza pia kwamba Boazi aliwaagiza vijana wake wasimguse yule mwanamke, na kwamba Naomi alimwonya Ruthu asiende shamba la mtu mwingine asije akadhulumiwa. Maana yake, hata Bethlehemu mjane hakuwa salama katika kila shamba. Biblia haituonyeshi kijiji kisicho na hatari. Inatuonyesha mtu mmoja aliyeiona hatari, akatumia sauti yake kuizuia. Na kutoka nyumba hiyo akazaliwa Obedi, babu yake Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Mkombozi wetu.

Je, katika kigango chetu, Boazi alikuwa nani? Hakuwapo. Nami naungama mbele yenu kwamba nilipita njia ile mara nyingi nikienda kutoa Komunyo kwa wagonjwa, nikaona shamba lile limeota magugu, wala sikuuliza. Nilidhani bibi amechoka. Sikujua kwamba sisi ndio tuliochoka naye.

Basi, ndugu, tufanye nini? Kwanza, mtoto akiugua, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na akifariki, tuwalilie wazazi pamoja nao, tusiwatafutie wa kumlaumu. Pili, ninyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mnapopanga zamu ya nyumba za sala, msiiruke nyumba ya mjane. Jumuiya ikisali kwa mtu na kunywa maji ya mtungi wake, minong'ono hukosa nguvu. Tatu, anayesikia mtu akitajwa kuwa mchawi, asinyamaze kwa hofu. Aseme pale pale, kama Boazi alivyosema, naye atoe taarifa kwa viongozi mapema, kabla usiku haujaingia.

Yule kijana alirudi kwangu siku ya tatu kuuliza jibu lake. Nilimwambia kwamba sina jibu la kumpa sasa. Mvua za kwanza zitakapokuja mwezi wa Novemba, aende na wenzake na majembe na ngoma, wakaanzie shamba la bibi kabla ya shamba la mtu mwingine yeyote. Hapo atajua kama wimbo ni wa kweli. Aliondoka bila kuahidi neno, nami sikumlazimisha. Lakini najua, na yeye anajua, kwamba shamba lile liko kando ya barabara, na kila apitaye ataliona.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa yatima na mlinzi wa wajane, utuondolee hofu inayotufanya tuwapite ndugu zetu. Uwalinde usiku huu bibi zetu walalao peke yao. Utupe mvua kwa wakati wake, na mioyo ya kulima pamoja bila kumwacha mtu. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.