Kutema Kuni Kabla ya Mvua: Maandalizi ya Moto Msituni, Nyanda za Juu Kusini



Mada niliyopewa inahusu maandalizi ya moto kwa wanaokata kuni wakati wa kiangazi. Nitaanza na kalenda, maana tatizo lenyewe limo humo. Huku kwetu Mufindi, Njombe na Makete mvua hukatika Aprili au Mei. Juni na Julai baridi hushika, na kwenye mabonde ya juu umande huganda usiku, ukaunguza hata nyasi ambazo zingebaki na ubichi kidogo. Nyasi hizo hazianguki. Zinasimama hivyo hivyo, kavu, Agosti, Septemba na Oktoba, jua likizidi kuwa kali na upepo wa mchana ukizidi kuvuma, mpaka mvua za Novemba.

Na ni katika majuma hayo ya mwisho ndipo kila nyumba hukimbilia kuni. Mama anajua kwamba mvua zikianza kuni zitaloa na njia zitateleza, kwa hiyo anajaza akiba mapema. Mfyatua matofali anataka kuchoma tanuri lake kabla halijanyeshewa. Mwenye harusi ya Desemba naye ameshaagiza kuni za kupikia. Haja ya kuni inafika juu kabisa wakati msitu nao umekauka kabisa.

Najua baadhi ya vijiji hujibu hali hii kwa tangazo: kuanzia tarehe fulani hakuna kuingia msituni hadi mvua. Kwa maoni yangu tangazo hilo linaongeza moto. Watu wataingia tu, kwa sababu ugali hauivi kwa tangazo. Wataingia saa ambazo mlinzi hayupo, yaani mchana wa jua kali, mtu mmoja mmoja, bila beleshi wala dumu la maji, kwa kuwa anayejificha habebi vyombo. Moto ukimponyoka, atakimbia na kunyamaza, maana kutoa taarifa ni kujishtaki. Moto ambao watu wawili wangeupiga kwa matawi mabichi ukaisha, unakuwa moto wa kata nzima. Hoja yangu katika mada hii ni kwamba mtema kuni ndiye zimamoto wa kwanza tuliye naye. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, na namba hiyo kila mtu aiweke kwenye simu. Lakini kutoka mjini hadi kwenye korongo la kitongoji chenu gari litachukua saa, na mahali pengine barabara inaishia kabla ya msitu. Aliyeko pale moto unapoanza ni mtu mwenye shoka.

Kinachowaka

Gogo haliwaki kwa kiberiti. Kinachopokea moto ni vitu vyembamba: nyasi, majani makavu, vitawi, maganda, na kwenye mashamba ya miti zile sindano za msindano zinazoanguka mwaka mzima na kutandika ardhi. Vitu hivi hufuata hewa. Saa moja asubuhi vina umande na ukivishika vinapinda bila kuvunjika. Jua likitoka na hewa ikikauka, kwa muda wa saa moja tu vinakuwa tayari kuwaka. Ndiyo maana mtu aliyewasha moto wa chai asubuhi bila shida anashangaa ukimshinda saa sita. Anaona moto ni uleule, kumbe nyasi zimeshabadilika.

Hapa ndipo mkata kuni anapoweza kuharibu au kutengeneza. Tazameni mahali palipokatwa kuni za kuuza. Magogo na matawi manene yameondoka. Yamebaki matawi membamba yenye majani, yamelundikwa pale pale mti ulipoangukia, mara nyingi yameegemea mti mwingine uliosimama. Baada ya mwezi mmoja wa jua majani yale yamekuwa mekundu. Moto wa nyasi ambao ungepita chini kwa chini, ukifika hapo unapata ngazi: unapanda kwenye lundo, unashika matawi ya chini ya mti, unaingia kileleni. Moto wa kileleni haupigwi kwa tawi. Huo mnaukimbia.

Basi mabaki yasirundikwe kwenye shina la mti. Yavutwe mbali na miti iliyosimama, yakatwekatwe mafupi yalale chini, na yasiachwe kabisa kandokando ya njia, maana njia ndiko zinakopita sigara na pikipiki. Njia bora zaidi, na haina gharama, ni kupanga zamu: leo waingie wenye misumeno, kesho waingie akina mama kuokota vitawi. Vitawi hivyo ndivyo vinavyowasha jiko haraka. Kijiji kinachowapangia akina mama siku tofauti na mahali tofauti na wakata magogo kinajinyima usafi wa bure.

Kabla ya shoka la kwanza

Kazi ianze alfajiri na iishe kabla ya jua la utosi. Huko Oregon na Washington, Marekani, ambako ukataji miti ni kazi kubwa, moto unapotishia, serikali huzuia misumeno ya mnyororo kutumika msituni kuanzia saa saba mchana hadi saa mbili usiku, na hudai mtu abaki akilinda eneo baada ya kazi. Huo ni utaratibu wa makampuni yenye magari ya maji. Sisi tusio nayo tuna sababu zaidi ya kufunga kazi saa tano.

Ukifika mahali pa kazi, simama kwanza. Upepo unatoka wapi? Mteremko unaelekea wapi? Moto hupenda kupanda mlima: wataalamu wa moto wa misitu hukadiria kwamba kila mwinuko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo mahali pa kukimbilia si juu ya kilima, hata kama kijiji kiko huko. Kimbilieni penye ardhi tupu: barabara, shamba lililolimwa, au chini kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, mradi matete yanayovizunguka yamefyekwa. Chagueni njia mbili, na kila mtu azijue, pamoja na watoto mliokuja nao. Halafu jueni simu inashika wapi. Wengi wetu tunajua kwamba bondeni hakuna mtandao na kwamba ukipanda hadi kwenye jiwe fulani unapata alama mbili. Jiwe hilo lijulikane kabla, na mtu wa kukimbilia huko awe ameshateuliwa.

Vyombo si vingi. Beleshi moja, jembe, reki au panga, na dumu la lita 20 lililojaa, ambalo halitumiki kwa kunywa wala kunawia. Mwenyekiti wa kitongoji ajue mko wapi na mtatoka saa ngapi. Kuhusu mavazi, niseme jambo moja ambalo halisemwi sana: kitenge na kanga za pamba ni salama kuliko suruali za michezo na majaketi ya nailoni yanayouzwa mnadani, kwa sababu nailoni huyeyuka ikashikana na ngozi. Na kandambili si kiatu cha msituni mwezi wa Oktoba.

Msumeno wa mnyororo

Msumeno ni jiko linalotembea. Sanduku lake la kutolea moshi hupata joto linalotosha kuwasha sindano za msindano zikigusana nalo, na ndani yake kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche ambao mafundi wengine huutoa ili mashine ipate nguvu. Kamati inayotoa ruhusa ya msumeno iombe kuuona wavu huo. Hiyo ni kazi ya dakika chache, bisibisi ikiwapo.

Mafuta ndiyo hatari zaidi. Kijana anaishiwa petroli, hataki kupoteza muda, anajaza mashine ikiwa moto huku imekaa juu ya majani, tone linamwagika, anavuta kamba palepale. Utaratibu sahihi ni kuacha mashine ipoe, kujazia juu ya udongo uliokwanguliwa majani yote, kufuta kilichomwagika, kisha kusogea hatua nne au tano, yaani si chini ya mita tatu, ndipo uwashe. Mashine isiyotumika iwekwe juu ya udongo mtupu au juu ya gogo lililochunwa, kamwe isilazwe kwenye nyasi.

Chai na tanuri

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za awali zilisema chanzo kilikuwa ni kupasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na hadi unadhibitiwa ulikuwa umeunguza eneo la kilometa za mraba 95 hivi. Mwezi huo wa Oktoba ndio mwezi wetu wa kuni. Ushauri wangu kwa wakata kuni ni kubeba chai kwenye chupa na viporo vilivyokwisha pashwa. Anayelazimika kuwasha, afyeke na akwangue udongo duara la hatua mbili kila upande, mafiga yawe katikati, na asiondoke akiacha kijinga kinatoa moshi.

Wachoma mkaa sitawasema kirefu, wana semina yao. Ila mkaa uliofukuliwa leo kwenye tanuri la udongo unaweza kuamka kesho ndani ya gunia. Usipakiwe wala kulazwa karibu na nyasi hadi umekaa usiku mmoja nje ukiangaliwa. Wenye vinyungu nao, wanaochoma mabaki bondeni kabla ya kupanda, wakumbuke kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka ruhusa kabla ya kuchoma uoto nje ya nyumba, na kwamba moto wa bondeni ndio unaopanda kwa wakata kuni walio juu.

Moto ukiponyoka

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Mmoja akimbilie kwenye mtandao kwa njia isiyopita juu ya moto, watoto watolewe, waliobaki wapige. Usisimame mbele ya moto unaokuja. Ingia kwa nyuma au kwa ubavu, ukikanyaga sehemu iliyokwisha kuungua, na usogee kuelekea kichwa cha moto taratibu. Tawi bichi halirushwi juu kama unapura maharage. Ukilirusha unatawanya cheche nyuma yako. Linashushwa, linakandamizwa juu ya moto, linaburutwa kuelekea palipoungua, ndipo linainuliwa. Mwenye beleshi atupie udongo chini ya ndimi, kwenye mizizi ya nyasi. Maji yabakie kwa ajili ya magogo na visiki, yasimalizwe kwenye nyasi ambazo tawi linatosha.

Ndimi zikipita kifua cha mtu, acheni. Msifunge pua kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu mbele ya joto kali mvuke wake unaweza kuunguza. Kitambaa kikavu kinatosha. Na ule ufundi wa kuwasha moto kukutana na moto waachieni watu wenye mafunzo, akiwamo afisa misitu. Nimeona wazee wakiufanya kwa ustadi, lakini walikuwa wazee wanaoujua upepo wa mlima ule mmoja.

Saa moja baada ya kazi

Mioto mingi ya jioni iliwashwa asubuhi. Cheche imeingia kwenye kisiki cha msindano chenye utomvu, au kwenye gogo lenye uwazi, ikafukuta bila ulimi wa moto hadi upepo wa mchana. Kisiki kinaweza kufukuta chini kwa kufuata mizizi kwa siku kadhaa na kuibuka hatua kadhaa kutoka kiliposhikia. Kwa hiyo mtu mmoja abaki saa nzima baada ya msumeno wa mwisho kuzimwa. Azunguke, anuse, atazame chini ya magome. Mahali palipokuwa na mafiga au palipowaka, amwage maji, avuruge majivu kwa beleshi, amwage tena, kisha asogeze mgongo wa mkono juu ya majivu bila kuyagusa. Mgongo wa mkono husikia joto mapema kuliko kiganja chenye sugu. Likisikika joto lolote, arudie. Asubuhi inayofuata, kabla jua halijapanda, mtu apite tena. Saa hizo uzi mdogo wa moshi huonekana vizuri.

Mapendekezo kwa kikao

Kwanza, badala ya marufuku, vijiji vitoe ruhusa za alfajiri kwa vikundi, si kwa mtu mmoja mmoja, na ruhusa isitishwe siku ya upepo mkali. Pili, yeyote atakayetoa taarifa ya moto wake mwenyewe mapema na kubaki kuuzima asitozwe faini ya kijiji. Najua pendekezo hili litapingwa hapa ndani, na nipo tayari kulitetea.

Tatu, vyombo. Tusisubiri mradi utuletee pampu za mgongoni. Kila kitongoji kinacholima viazi na nyanya kina mabomba ya kunyunyizia dawa ya lita 16 au 20, na wakati wa kiangazi mengi yamelala. Mabomba manne au matano yakioshwa vizuri na kujazwa maji safi yanatosha kwa moto mdogo na kwa visiki. Kamati iandike majina ya wenye mabomba na iyakague mwezi Agosti, maana mpira wa bomba hupasuka likikaa bila kazi.

Nne, mlinzi wa ile saa ya mwisho. Hakuna atakayebaki bure wenzake wakienda kula. Napendekeza kila kikundi kimlipe mlinzi wake mzigo mmoja wa kuni zilizokwisha kuchanjwa, utolewe kabla magogo hayajapakiwa, na jina lake liandikwe kwenye ruhusa pamoja na saa ya kutoka. Naomba vikundi vya majadiliano vianze na hili la nne, kwa sababu ndilo litakalohitaji kuingizwa kwenye sheria ndogo za vijiji vyenu kabla ya Septemba.