Karani wa Namba za Magonjwa na Mafunzo Yake



Aghalabu mzazi mwenye kijana aliyemaliza sekondari huuliza kama hospitali ina kazi isiyomtaka mtu awe mganga. Ipo kazi ya karani wa namba za magonjwa. Karani huyu hamgusi mgonjwa. Husoma jalada la aliyekwisha kutibiwa, na kila ugonjwa ulioandikwa na daktari huupa namba kutoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaotolewa na Shirika la Afya Duniani. Toleo la 10 lilianza kutumika mwaka 1994. La 11 lilianza rasmi Januari 1, 2022, na nchi zinahamia humo kwa mwendo tofauti.

Tuseme mkulima wa pamba amefikishwa hospitali akitapika baada ya kunyunyizia dawa shambani. Kwa toleo la 10, karani asiyefunzwa huandika R11, yaani kichefuchefu na kutapika, akafunga jalada. Aliyefunzwa husoma hadi ukurasa wa mwisho. Akikuta daktari ameandika sumu ya oganofosfati, huandika T60.0, na kuongeza X48 kuonyesha kuwa sumu ilimpata kwa ajali. Kwa R11 mkulima huyo huhesabiwa pamoja na kila aliyetapika, na Wizara haitajua kamwe kwamba dawa ya pamba inawadhuru wanachama. Lakini daktari asipoitaja sumu, karani haruhusiwi kuiandika, hata kama kijiji kizima kinaisimulia. Sharti arudi kwa daktari kumwuliza. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi, wala si katika kukariri namba.

Kwa hiyo mafunzo huanza na viungo vya mwili na maneno ya tiba, mengi yakiwa na asili ya Kigiriki na Kilatini. Kisha mwanafunzi huzoezwa kutafuta neno katika faharasa, na kulihakikisha katika jedwali kabla ya kuandika. Faharasa peke yake haiaminiwi. Makatibu wanaolinganisha stakabadhi na daftari la mazao hawatashangaa. Hufundishwa pia kutunza siri za wagonjwa, na kusoma mwandiko wa madaktari, elimu isiyo na kitabu.

Mwaka 2018 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Ushirika Afya kwa wakulima walio katika vyama vya msingi. Penye bima, ugonjwa ulioandikwa vibaya huweza kukwamisha malipo ya hospitali.

Chama kinachotaka kumsaidia kijana karo, yafaa kiulize kwanza kama chuo kinampa majalada ya kufanyia mazoezi, na kama yuko mkufunzi wa kuyasahihisha moja moja. Chuo kinachotoa vitabu na cheti tu, kiachwe.