Pole Si Fidia

Kaeni vizuri. Kila mtu ashike kalamu na daftari lake. Mwalimu, andika ubaoni maneno matatu: AJALI, ULEMAVU, FIDIA. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Vema.

Somo letu la leo ni habari ya mtu aliyeumia kazini, akawa hawezi tena kufanya kazi maisha yake yote.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Zamani vijana wengi wa mwambao wa Ziwa Nyasa walikwenda mbali kutafuta kazi. Wengine walikwenda Tanga kukata mkonge. Wengine waliandikishwa na Wenela, wakapelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wako waliorudi na mablanketi na baiskeli. Wako pia waliorudi bila mkono, au na kifua kibovu kwa sababu ya vumbi la mgodini. Aliyerudi hivyo alilishwa na ndugu zake, na shamba lake lililimwa na mkewe.

Siku hizi kazi nyingine zimekuja karibu. Kuna makaa ya mawe ya Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga. Kuna malori yanayobeba makaa hayo, na kuna bandari ya Ndumbi hapa ziwani. Kuna mashine za kupasua mbao, na kuna ujenzi wa nyumba na barabara. Mahali penye kazi, ajali huweza kutokea.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme kijana mmoja ni dereva wa lori. Lori linapinduka mlimani, na mgongo wake unavunjika. Daktari anasema hatatembea tena. Tajiri wake anakuja kumtazama hospitali. Anasema, "Pole sana, ndugu yangu." Anampa nauli na gunia la mchele. Kisha anatoa karatasi na kidau cha wino, anamwambia, "Weka dole gumba hapa."

Je, kijana afanye nini? Asiweke dole mpaka asomewe karatasi ile, neno kwa neno, na mtu anayemwamini. Pole ni neno zuri, na mchele ni chakula kizuri. Lakini pole si fidia. Pole hutoka katika huruma ya mtu, na fidia hutoka katika sheria.

Sheria yenyewe ni ipi? Ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ya Tanzania Bara. Sheria hiyo iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ulianza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri hutakiwa kujiandikisha na kuuchangia Mfuko huo. Sikilizeni vizuri hapa: mwajiri ndiye anayechanga. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti moja kwa ajili ya Mfuko huu.

Kabla ya hapo ilikuwako sheria ya zamani. Aliyepata ulemavu alilipwa mara moja tu, na kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa shilingi 108,000. Bei za vitu zilipanda, lakini kiwango kile kilibaki palepale.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme dereva wetu alikuwa akipata shilingi 600,000 kwa mwezi. Daktari amemkagua na kuthibitisha kuwa ulemavu wake ni kamili, yaani asilimia 100. Malipo yake ni asilimia 70 ya mshahara. Andikeni: 600,000 mara 70, gawanya kwa 100. Mmepata ngapi? Shilingi 420,000. Hizo atalipwa kila mwezi. Malipo ya mwezi mmoja tu yanapita fidia yote ya sheria ya zamani.

Aliyepata ulemavu mdogo zaidi, lakini uliozidi asilimia 30, naye hulipwa kila mwezi, kwa kadiri ya ulemavu wake. Aliyepata asilimia 30 au chini yake hulipwa fungu moja kwa mara moja. Mfuko hulipa matibabu pia. Na ugonjwa uliotokana na kazi huhesabiwa kama ajali, kwa mfano ugonjwa wa mapafu kwa sababu ya vumbi.

Lakini fidia haiji kwa kunyamaza. Shikeni mambo manne.

La kwanza: mwajiri apewe habari mara moja. Kama mgonjwa hawezi kusema, ndugu yake aseme. Mwajiri akiisha kupata habari, ana siku 7 za kazi za kuupelekea Mfuko taarifa.

La pili: andika tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona.

La tatu: tunza karatasi zote za hospitali, pamoja na karatasi za mshahara. Ziweke pahali pasipoingia maji wala panya.

La nne: usichelewe. Miezi 12 ikipita bila ajali kutolewa taarifa, haki inaweza kupotea.

Labda mvuvi mmoja atauliza, "Na mimi ninayevua kwa mtumbwi wangu?" Ndugu, wewe huna mwajiri, na Mfuko huu ni wa walioajiriwa. Lakini mwanao akienda kufanya kazi ya ujira, hata ya kibarua, mwambie habari hizi kabla hajaondoka.

Mnaona sasa kwa nini tunajifunza kusoma. Mtu ajuaye kusoma hawekeshwi dole gumba gizani.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Nani anayeuchangia Mfuko, mwajiri au mfanyakazi?
2. Mshahara ni shilingi 800,000, na ulemavu ni asilimia 100. Je, malipo ya mwezi ni kiasi gani?
3. Pole na fidia vina tofauti gani?

Jibuni pamoja, kisha kila mtu aandike jibu lake. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.