Kidingapopo Kikirudi Mara ya Pili

Ndugu wawili, nyumba moja, wanaugua kidingapopo wiki moja. Mmoja analala siku nne, anaamka, anadai chai. Mwenzake anatoka damu kwenye fizi na kukimbizwa hospitali. Jirani atasema huyu wa pili hali vizuri. Huenda anamwonea. Huenda tofauti yake ni kwamba aliwahi kuugua kidingapopo zamani, akapona.

Virusi vya kidingapopo, yaani dengue, viko vya aina nne. Ukishapona aina moja, hiyo haikusumbui tena. Mwili una kingamwili zinazoitambua. Ikija aina nyingine, kingamwili zile za zamani hudhani ni adui yule yule. Humkamata, lakini hazimmalizi. Sasa zipo chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza chochote kilichokamatwa na kingamwili. Zinameza kirusi kingali hai, na humo ndani ndimo kinamozaliana. Ni kama mlinzi amkamate mwizi getini, kisha amwingize mwenyewe hadi chumbani.

Kuba walilipata hilo. Mwaka 1977 ilipita aina ya kwanza, ugonjwa ukawa mwepesi. Mwaka 1981 ikaja aina ya pili, wakafa watu 158. Mwaka 1997 aina hiyo ya pili iliporudi mjini Santiago de Cuba, waliozidiwa walikuwa watu wazima, wale waliopitiwa na wimbi la 1977. Watoto walisalimika. Miaka ishirini, na damu haijasahau!

Kwa mtoto mchanga mambo hugeuka. Yeye huzaliwa na kingamwili za mama, nazo zikishapungua, karibu miezi sita hadi tisa, homa yake ya kwanza inaweza kumpiga kama ya pili.

Usiogope kupita kiasi: wengi huugua mara ya pili na kupona salama. Ila homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, usishangilie mapema. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au ukitoka damu, nenda hospitali. Parasetamo inatosha; aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, huzidisha kutoka damu.

Dar es Salaam ilipigwa 2014, ikapigwa tena 2019. Daktari akikuuliza homa ina siku ngapi, mwongezee asilokuuliza: kama katika miaka hiyo nawe uliugua.