Shamba la Bute Lina Miguu



Mwaka wa 2020 balaa hazikuja moja moja. Nzige wa jangwani waliingia Kenya siku za mwisho za Desemba 2019, na Wajir na Mandera ndizo zilizowaona kwanza. Machi 2020 korona ikabisha hodi na masoko ya mifugo yakafungwa. Aprili 6 watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi. Mei 6 ikawa zamu ya Eastleigh. Lori la mizigo liliruhusiwa kupita, ni kweli, lakini mnunuzi wa Kiamaiko, kule wanakochinjwa mbuzi wengi wa kaskazini, hakuweza kupanda basi aje kuwatazama. Na mbuzi haguswi mgongo kwa simu.

Mei 23, 2020 serikali ya kitaifa ilitangaza shilingi bilioni 53.7 za kufufua uchumi. Bilioni 3 kati ya hizo zilikuwa za pembejeo za wakulima wadogo 200,000, kwa vocha za kielektroniki. Bilioni 1.5 zilikuwa za kuwasaidia wakulima wa maua na mboga wanaouza ng'ambo. Ni mpango mzuri kwa mwenye shamba Nakuru au Kiambu. Mfugaji wa Bute akipewa vocha ya mbolea ataipeleka wapi? Shamba lake lina miguu, na hufuata mvua.

Mlango wa mfugaji ulikuwa mwingine: mpango wa HSNP, ulio chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Kaya maskini za Wajir, Mandera, Marsabit na Turkana zilipangiwa shilingi 5,400 kila miezi 2, kupitia akaunti ya benki. Si pesa nyingi, hasa kaya ikiwa na watoto sita. Nguvu yake ilikuwa kwenye daftari. Awamu ya pili ilipoanza mwaka wa 2013, kaya nyingi za kaunti hizo 4 ziliandikwa, hata zile ambazo hazilipwi kila mara, ili ukame ukizidi zilipwe nazo. Kwa hiyo korona ilipokuja na mikutano ikapigwa marufuku, aliyekuwa tayari na akaunti hakuhitaji kupiga foleni kuandikishwa.

Kasoro ilikuwa kwenye kipimo. Malipo ya dharura hutegemea picha za satelaiti zinazoonyesha malisho yakikauka. Satelaiti inasoma majani, haisomi soko. Mwaka wa 2020 mvua ilikuwa imenyesha vizuri, nyasi zilikuwepo, mbuzi walinona, na bado mwenye mbuzi hakuwa na pesa ya unga kwa sababu hakuna aliyenunua. Hilo linafaa kusemwa kila kipimo hicho kinapojadiliwa, na wa kulisema ni wafugaji wenyewe.

Daftari nalo huzeeka. Kijana aliyeoa baadaye ana kaya yake sasa. Mjane anaweza kuwa bado yuko chini ya jina la marehemu mumewe. Mama anayebaki na watoto wanaume wakiwa na ngamia mbali hawezi kutoa pesa ikiwa akaunti si yake. Na asiye na kitambulisho hana pa kuanzia. Uandikishaji ukitangazwa, watu hao wafike kwa chifu mapema wakiwa na vitambulisho, na anayehama na mifugo aache neno nyumbani ni nani atakayemwakilisha.