Katibu wa Lugha Mbili katika Chama Chetu



Wako vijana wetu watakao kuanza kazi ya ukatibu mahsusi kwa Kiswahili na Kiingereza. Kupiga taipu upesi ni jambo jema, lakini halitoshi. Twawaomba kwanza wakaone kahawa ikikobolewa kiwandani, wala si aibu kwenda na daftari. Barua ya mnunuzi, kwa Kiingereza, hutaja bei ya kahawa safi. Mkulima huleta kahawa ya maganda, na kilo 100 za maganda hutoa takriban nusu tu ya kahawa safi. Katibu akiliacha neno hilo “safi” katika tafsiri yake, mkutano mzima utaamini kwamba Chama kimewaibia. Vilevile, palipoandikwa malipo ya kwanza, asifasiri kuwa ni bei kamili. Akiwa na shaka, na aulize kiwandani kabla tafsiri haijasomwa mbele ya wanachama.